Formasio inatoa mutu mu musaada kweli? Jibu kwa mama wa Katuba

Mama moja wa Katuba, hapa Lubumbashi, ameniandikia. Komite ya kanisa lao inasaidia familia 60, kila mwezi unga na mafuta, na mwanzo wa mwaka wa masomo wanalipia watoto wamoja minervale (franga ya masomo). Sasa kaka moja mwenye kutoa sehemu kubwa ya franga amesema imetosha, unga unafanya watu wanakuwa wavivu, tufunge unga, tununue mashini za kushona na za kuchomelea vyuma, tufundishe watu miezi sita na nyuma ya pale kila mutu ajitegemee. Anasema Marekani njo walifanya vile na watu wakatoka mu musaada wa serikali. Mama anauliza: iko kweli? Na wale wenye watakataa formasio, tuwakatie unga?

Mama, aksanti kwa swali. Nitakujibu kwa urefu juu najua komite yenu inataka kukata shauri karibuni, na familia 60 si kintu ya kuchezea. Kazi yangu ya miaka mingi iko kufuata programu za formasio, kuangalia watu walioingia wanakuwa namna gani nyuma ya mwaka moja, miwili, mitatu, kwa hiyo hii jambo naibeba rohoni.

Jibu fupi iko hivi: formasio peke yake inapunguza kutegemea musaada kidogo tu, na saa ingine haipunguzi kabisa. Inasaidia sana pale kuna mutu mwenye anangoja kununua ile kazi mulifundisha, pale mwanafunzi anamaliza na vyombo mukononi, na pale anakula wakati anajifunza. Kaka yenu anataka kuondoa chakula ili alipie formasio, na pale njo miye naona hatari.

Tuanze na hesabu, manake hapa njo watu mingi wanapotea na roho safi. Proje inafundisha watu 40, nyuma ya mwaka inawatafuta, inakuta 25 wanafanya kazi, inaandika mu raporti kwamba formasio imesaidia watu 25. Lakini uliza: bila formasio wangapi kati ya wale 40 wangepata kazi wao wenyewe? Mutu hakuji kuandikisha jina siku mambo yake iko sawa. Anakuja wakati amepoteza kazi, wakati bwana amekufa, wakati biashara imeanguka, ni kusema anakuja wakati yuko chini kabisa, na mutu mwenye yuko chini kabisa mara mingi atapanda kidogo hata usipomugusa, juu hakai tu, anatafuta, ndugu wanamuita, soko inarudi. Mu mwaka 1978 mwanauchumi wa Marekani Orley Ashenfelter alionyesha hii kintu wazi: watu walioingia mu formasio za serikali, mapato yao yalikuwa yameanguka tu mbele ya kuingia. Sasa ukichukua mapato ya siku ya kuingia na ukayalinganisha na ya mwaka unaofuata, lazima utaona kupanda, na utasifu formasio hata kama haikubadilisha kintu.

Njo maana wanaopima hii mambo vizuri wanapiga kura ya bahati. Watu 200 wanaomba, nafasi ziko 100, kura inachagua, na wale 100 wenye hawakupata wanafuatwa pia miaka yote, wao njo kipimo. Marekani walifanya vile mwisho wa miaka ya 1980 kwa programu kubwa ya formasio ya serikali yao, yenye ilikuwa inaitwa JTPA, watu karibu 20,000 mu fasi 16. Watu wazima, wanaume na wanawake, walipata faida, lakini ya kadiri. Vijana wenye walikuwa wametoka masomo hawakupata kintu cha kuonekana. Na kwa nchi za namna yetu, mwanauchumi David McKenzie mu 2017 alikusanya uchunguzi wa kura wa nchi mbalimbali, akakuta kwa kila watu 100 wanaopewa formasio ya ufundi, hawafiki 3 wenye wanapata kazi ambayo wasingeipata bila ile formasio. Soma ile namba tena, mama, na umupe kaka aisome. Haimaanishi formasio ni bure, sababu mu ule uchunguzi kuna programu mbaya na programu muzuri zimechanganywa pamoja, na nitakuja kwa zile muzuri. Inamaanisha kwamba ukifungua tu centre, ukaweka mashini na ukatoa seritifika, usingoje kwamba familia 60 zitakuwa 20 nyuma ya miezi sita.

Tena kuna jambo la muda. Mutu akiwa mu darasa hatafuti kazi, hauzi soko, hafanyi vile vibarua vya kila siku vyenye vilikuwa vinamulisha. Kwa hiyo miezi ya kwanza anategemea musaada zaidi, si kidogo. David Card na wenzake, mu 2018, waliweka pamoja uchunguzi zaidi ya 200 wa programu za kazi za dunia nzima, wakaona kwamba faida ya formasio mara mingi iko karibu na sifuri mu mwaka wa kwanza, inaanza kuonekana nyuma ya miaka miwili ao mitatu, na inaonekana zaidi kwa wanawake na kwa watu wenye walikaa muda murefu bila kazi. Mukipanga kukata unga mwezi wa saba tangu kuanza formasio, mutakata wakati mubaya kabisa, wakati mutu ameacha vya zamani na vipya havijaanza kuzaa.

Sasa Marekani. Kaka yenu hajasema uongo, ila amesikia nusu. Mu mwezi wa nane 1996 Prezida Bill Clinton aliweka sinyatire ku sheria yenye ilibadilisha musaada wa franga kwa familia masikini zenye watoto. Ule wa zamani ulikuwa unaitwa AFDC, mupya ukaitwa TANF, na wakaweka mupaka: kwa franga za serikali kuu mutu asipite miezi 60 mu maisha yake yote, na lazima afanye kazi ao atafute kazi. Mu miaka tano hesabu ya familia zenye kupokea ilianguka zaidi ya nusu. Ile ni kweli kabisa.

Lakini formasio haikuwa njo sababu kubwa! Ile sheria ilisukuma watu waingie mu kazi yoyote mbele ya kusoma, na masomo ya ufundi yalikubaliwa kuhesabika kwa mwaka moja tu. Zaidi ya pale, mwisho wa miaka ya 1990 uchumi wao ulikuwa moto sana, mu mwaka 2000 watu wasio na kazi walikuwa karibu 4 tu kwa 100, na serikali ilikuwa imeongeza ile franga yenye inarudishia mufanyakazi wa mushahara mudogo kupitia kodi. Kazi ilikuwa iko, kulipa kulikuwa kuko, na mulango wa musaada ulikuwa umebanwa. Ndani ya ile kushuka kuna watu walitoka kwa sababu walipata kazi, na kuna watu walitoka kwa sababu walifungiwa tu. Mu 1996, kwa kila familia masikini 100 zenye watoto, 68 zilikuwa zinapokea ule musaada. Mu 2020 zilikuwa 21. Umasikini haukushuka vile, mama. Musaada njo ulishuka.

Kwa hiyo nawaomba mu komite mutenganishe maswali mawili yenye kaka anayachanganya: watu wangapi wametoka ku liste yetu, na watu wangapi wanakula vizuri bila sisi. Ya kwanza iko rahisi sana, unaweza kuifikia kesho asubui kwa kufunga mulango. Hao Wamarekani wenyewe walipima hii kintu muzuri. Mu miaka ya 1990 walifuata programu 11 mu miji mbalimbali, watu zaidi ya 40,000 kwa miaka tano, na kwa kura vilevile. Wakakuta programu karibu zote zilipunguza musaada na kuongeza kazi, lakini mu nyumba franga ya mwezi ilibaki karibu ileile, juu kila dola mutu aliongeza kazini, musaada ulikatwa karibu sawa. Mama anaamuka saa kumi na moja, anaacha watoto, anapanda bisi, anafanya kazi siku nzima, na mwisho wa mwezi masikini ni yuleyule. Kwa serikali iko faida ndogo mu bajeti, kwa mama sijui ninyi munaona nini.

Fasi moja ilipita zote zingine, Portland, jimbo la Oregon. Pale walichanganya: wengine walisukumwa moja kwa moja ku kazi, wengine wakapewa masomo mafupi, na walikuwa na watu wenye kazi yao ilikuwa kuzunguka ku mapatro kutafuta nafasi, tena waliambia watu wasikubali kazi ya kwanza yoyote kama mushahara iko mubaya, wangoje kidogo ya kufaa. Ile kuzunguka ku mapatro, ishikeni, nitairudilia.

Na Canada walijaribu njia ingine tena. Kuanzia 1992 waliambia wamama wenye kulea watoto peke yao na wenye walikuwa mu musaada muda murefu: ukipata kazi ya saa 30 kwa wiki, tutaongeza juu ya mushahara wako kwa miaka mitatu. Wamama mingi walitoka, walifanya kazi, nyumba zilipata zaidi. Ila nyuma ya ile miaka mitatu tofauti na wengine ilipungua mpaka ikakaribia kwisha, juu na wale wengine walikuwa wameingia kazini polepole wao wenyewe.

Lakini acha tuje nyumbani, sababu ile musaada ya serikali ya Marekani sisi hatuna. Hapa mutu akianguka, leta (serikali) haimuandikie cheki ya mwezi. Anaangukia ndugu, kanisa, likelemba (kikundi cha kuchanga franga na kupokea kwa zamu), jirani, na zamani hapa Katanga aliangukia kampuni. Na hapa Lubumbashi tuna masomo yetu wenyewe juu ya hii swali, masomo ya uchungu, sioni sababu tunaenda kuyatafuta mbali.

Wazee wanakumbuka Union Minière na nyuma yake Gécamines: nyumba ya kampuni, hospitali ya kampuni, masomo ya watoto, na posho ya unga kila mwezi. Watu walisema Gécamines njo baba njo mama. Mu miaka ya katikati ya 1980 ilikuwa inatoa shaba zaidi ya tani 470,000 kwa mwaka, kisha mine ya Kamoto ikabomoka mu 1990, mambo ya politike ikaharibika, na mwanzo wa miaka ya 2000 ilikuwa inatoa chini ya tani 20,000. Mishahara ilikuwa inakaa miezi na miezi bila kulipwa. Mu 2003 ikaja ile operesheni ya kuondoka kwa mapenzi, départs volontaires, kwa franga ya Banki ya Dunia: wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa franga ya mara moja ili waondoke, na kando yake kukawekwa programu ya kuwasaidia waanze maisha ingine, kilimo, biashara ndogo, ufundi.

Munajua vile ilikwenda, kila mutu hapa ana muzee mu familia. Wengi walikuwa na miaka zaidi ya hamsini, walikuwa wataalamu kweli, wajuzi wa mashini zenye hakuna mutu wa mutaa anazo nyumbani, walikuwa na madeni ya miaka ya kukosa mushahara, na siku moja walipoteza pamoja na mushahara hospitali na masomo ya watoto. Ile franga iliingia mu madeni, mu minervale, mu dawa, mu nyumba. Kuna waliofungua mashini ya kusaga, kuna walionunua gari la taksi, kuna waliolima ku kando ya muji na wakafanikiwa, siwezi kuwanyima heshima yao. Lakini ujuzi haukukosekana pale! Wale watu walikuwa wamefundishwa vizuri kuliko centre yoyote tutafungua leo mu Katuba. Kilichokosekana kilikuwa kazi yenyewe, na ule uzio wa kuwalinda wakati wa kuvuka. Na mu komine yetu ya Kenya, mu Ruashi, mu Kampemba, mu Kipushi, wajukuu wamekua ndani ya ile anguko. Mutu akiniambia watu hapa ni masikini juu hawajui kazi, namuonyesha wale wazee.

Na ile ya uvivu. Kaka anasema unga unaleta uvivu. Hii imepimwa, tena si mara moja. Abhijit Banerjee na wenzake waliangalia programu 7 za kugawa franga mu nchi 6 masikini, zote kwa kura, kutafuta kama wenye kupokea wanapunguza kazi. Hawakuona dalili kwamba wanapunguza. Familia yenye inapata meka chache za unga kwa mwezi haiwezi kulala juu ya ile unga, haitoshi hata bukari ya mwezi mzima, na ninyi munaogawa munajua kuliko miye. Ile unga inafanya mama asiuze sufuria wiki ya mwisho. Inafanya mutoto asitolewe masomo.

Basi formasio gani inasaidia? Nitakupeleka kwa jirani. Kaskazini ya Uganda, nyuma ya vita vya waasi wa LRA, serikali mu 2008 iliambia vijana: jikusanyeni mu vikundi, andikeni munataka kujifunza ufundi gani na munahitaji vyombo gani. Vikundi vyenye kura ilichagua vikapewa franga mukononi, karibu dola 382 kwa kila mutu, wakalipa wao wenyewe fundi wa kuwafundisha na wakanunua vyombo. Nyuma ya miaka minne mapato yao yalikuwa juu asilimia 38 kupita wale wenye kura haikuwachagua. Ile ni kubwa sana. Nyuma ya miaka tisa wale wengine walikuwa wamewafikia kwa mapato, hii pia lazima isemwe, ila wale wa kwanza bado walikuwa na mali zaidi na walibaki zaidi mu ufundi. Angalia franga ilikwenda wapi: sehemu kubwa ilikwenda ku vyombo, si ku darasa. Programu mingi za hapa zinafanya kinyume, franga inaisha ku nyumba ya centre, ku mushahara ya wasimamizi, ku sherehe ya kugawa breve (seritifika) na ma-t-shirt, na kijana wa sudire (kuchomelea vyuma) anarudi nyumbani na karatasi bila hata mashini ya kuchomelea. Hii inaniuma sana, nisamehe nikisema kwa nguvu, lakini nimewaona wale vijana.

Uganda tena, watu wengine walilinganisha njia mbili: kijana kusoma ufundi miezi sita mu shule ya ufundi, ao kuwekwa kwa patro mu atelie ajifunze pale. Zote mbili zilisaidia. Wa atelie walianza kupata franga haraka, lakini nyuma ya miaka wa shule waliwapita, juu ujuzi wao ulikuwa na breve yenye patro mwingine anaamini, basi wakipoteza kazi moja walipata ingine, na yule wa atelie ujuzi wake ulijulikana kwa patro wake tu. Mu Lubumbashi naona njia ya kuchanganya: ajifunze kwa patro wa kweli mwenye ana wateja, kisha mumulipie apite ekzame ya kupata breve yenye inajulikana, kwa mufano ku INPP, shirika la serikali la kufundisha kazi, yenye iko tangu 1964, ao shule za ufundi za Wasalesiani zenye zinajulikana hapa muda murefu. Hamuhitaji kujenga centre yenu. Kweli mama, pale njo mutaokoa franga mingi kuliko pengine pote.

Kwa jirani Rwanda walilinganisha formasio ya vijana na kuwapa tu franga ya gharama sawa. Franga iliongeza chakula, mapato na mali zaidi, formasio iliongeza maarifa ya biashara, akiba na saa za kazi. Kaka lazima ajue kwamba kugawa franga si kintu cha aibu, saa ingine inashinda darasa.

Na kwa familia zenye ziko chini kabisa, wale wenye hata likelemba haiwapokei, kuna njia ilianza Bangladesh na shirika BRAC mu 2002. Wanachukua familia masikini kabisa, wanamupa mama kintu cha kuzaa, mbuzi ao ngombe ao mutaji wa biashara, wanamufundisha namna ya kukitunza, wanamupa chakula ao franga ya kula miezi kadhaa ili asikiuze, wanamufungulia akiba, na mutu anakuja kumutembelea mara kwa mara kwa muda mpaka miaka miwili. Iliposambazwa mu nchi 6, Ethiopia na Ghana zikiwemo, familia zaidi ya 10,000, matokeo yalitoka mu 2015: mwaka moja nyuma ya kila kintu kuisha, familia bado zilikuwa zinakula vizuri zaidi na zina mali zaidi. Honduras ilishindwa, watu walipewa kuku na kuku wakakufa kwa ugonjwa, kwa hiyo kile kintu unachotoa lazima kichaguliwe na akili ya pale pale. Angalia vile chakula iko ndani ya ile mupango. Haikuondolewa ili kulipia masomo, iliwekwa ili masomo yaweze kuingia.

Juu ya ushonaji sasa, juu nimeona mu barua yako njo wazo la kwanza. Kila proje ya wamama hapa inafundisha kushona, na kila avenyu ina fundi tatu wanangoja wateja, tena nguo za mutumba zinauzwa bei yenye hakuna fundi anaweza kuifikia. Ukitoa mafundi 30 wapya mu kartie moja, hautaongeza wateja, utagawanya wale wale, na yule mama wa zamani mwenye alikuwa anajitegemea anaweza kurudi kuomba unga kwenu, hata hautajua kwamba ni ninyi mulimusukuma. Sudire iko na soko zaidi kidogo, milango, grii za madirisha, kazi za ma-sous-traitant (kampuni zenye kufanyia mine kazi), lakini pale umeme ukikatika kazi inasimama, kwa hiyo patro mwenye ana groupe ya umeme iko na bei. Kabla ya kuchagua ufundi, watu wawili wa komite wazunguke wiki moja ku maatelie, ku magaraji, ku mahoteli, ku wanaojenga, waulize swali moja tu: ukipata kijana mwenye anajua hii, utamuchukua na utamulipa ngapi? Kama hakuna hata mapatro wachache wanasema ndiyo na wanakubali staji, ule ufundi uache, hata kama mufadhili anaupenda. Ile njo kazi ya wale watu wa Portland.

Wamama wenye watoto wadogo, mufikirie mapema. Colombia, mu programu yao ya vijana ya miaka ya 2000, miezi mitatu ya darasa na mitatu ya staji mu kampuni, waliongeza franga kwa mama mwenye mutoto mudogo ili apate mwenye kumushikia, na mapato ya wanawake yalipanda karibu asilimia 20. Ninyi muko na wamama wa kanisa wenye wanaweza kukaa na watoto kwa zamu, haigharimu mingi, ila bila ile mama atakuja wiki mbili na atakosa ya tatu, na mutaandika kwamba hana nia.

Basi miye ningekuwa mu komite ningefanya hivi. Chukueni zile familia 60 mutenganishe kwa ukweli. Kuna wazee wenye wanalea wajukuu, kuna wagonjwa, kuna walemavu wenye hawawezi kazi ya nguvu, kuna nyumba zenye mukubwa ni mutoto wa miaka kumi na tano. Hao formasio haiwahusu, ao haiwahusu sasa, na unga wao usiingizwe mu hii mabishano hata siku moja. Tuseme inabaki nyumba 25 zenye mutu mwenye nguvu. Waulizeni nani anataka, na anza na wachache, 8 ao 10, si wote 25, ili kila moja apate vyombo vya kweli na staji ya kweli. Wakiomba wengi kupita nafasi, pigeni kura ya bahati mbele ya wote. Hakuna mutu atasema mulipendelea ndugu zenu, na tena mutakuwa na wale wengine wa kulinganisha nao nyuma ya mwaka, mutajua kweli kama kazi yenu ilibadilisha kintu. Unga unaendelea wakati wa kujifunza na miezi ya kwanza ya kazi, kisha munapunguza polepole kufuatana na franga yenye inaingia mu ile nyumba, si kufuatana na kalandrie. Na mutu moja wa komite, mwenye anaheshimiwa, awe anawatembelea kila wiki mbili mwaka mzima, juu mashini itaharibika, patro atakosa kulipa, mutoto atagonjwa, na pale njo wengi wanaangukia.

Mwambie kaka kwa heshima kwamba franga yake haikupotea mu unga, na kwamba ile ya formasio naomba aitoe juu ya ile ya unga, si pahali pake. Kama hawezi zote mbili, basi apunguze hesabu ya wanafunzi, asipunguze chakula.

Na swali lako la mwisho, wenye watakataa formasio. Hapana, musiwakatie. Kwanza uliza kwa nini anakataa, mara mingi utakuta yuko na sababu yenye iko na akili: anauza makala asubui na ile njo inalipa nyumba, ao analinda mama yake mugonjwa, ao aliisha kupita formasio mbili za proje zingine na hakuna yenye ilimupa kazi. Huyu wa mwisho hahitaji darasa la tatu, anahitaji vyombo ao mutaji mudogo, mumusikilize yeye wa kwanza. Na ukilazimisha watu kwa kuwatisha na unga, watakuja kukaa ku viti, kitabu ya kuhudhuria itajaa, na mapatro wenye mulizunguka kuwaomba staji watapokea watu wenye hawataki kuwa pale, kisha mwaka unaofuata hawatapokea mutu wenu mwingine.